Dira ya gari, pedali ya mafuta na jembe la trekta: wazo gani linastahili hataza?

Kama simu yako ina dira, fanya jaribio hili kabla ya kuendelea kusoma. Simama uwanjani, mbali na bati na chuma, uangalie mshale unaonyesha kaskazini wapi. Kwa sisi tulioko Ngonga na Kyela kwa jumla, kaskazini ni upande wa milima, kwenda Tukuyu, na ziwa tunalipa mgongo. Sasa isogeze simu karibu na injini ya bodaboda, au iweke juu ya spika ya redio. Sisi tulijaribu kwa spika ya studio, ambayo ndani yake kuna sumaku kubwa, na kwa muda Tukuyu ikahamia ziwani.

(Mshale ukikosekana kabisa, usidhani umeiharibu simu. Simu nyingine za bei nafuu hazina kifaa cha kupima sumaku.)

Kosa hilo dogo ndilo wanaloshindana nalo watengenezaji wa magari wanaoweka dira ndani ya gari, mara nyingi kwenye kioo cha kutazama nyuma. Gari ni chuma kitupu. Kila kampuni ina njia yake ya kusahihisha dira isidanganywe na chuma hicho, na kila kampuni inataka njia yake ilindwe kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mtu mwingine asiitumie kwa miaka kadhaa bila ruhusa. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Mkaguzi wa hataza huweza kusema: "Njia yako ni mpya, sawa, lakini fundi yeyote wa kazi hii angeifikia tu." Mwombaji hukata rufaa, na wazee wa rufaa hukaa kuamua jambo linaloonekana dogo: je, wazo hili lilikuwa wazi?

Tumeamua kulieleza swali hilo kwa kirefu kwa sababu linamhusu fundi wa kuchomelea wa Kyela sawasawa na linavyomhusu injinia wa Marekani. Sheria ya Tanzania inauliza swali hilohilo.

Chuma kinavyoidanganya dira

Dira ina makosa ya aina mbili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza linatoka kwa dunia yenyewe. Kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani haziko mahali pamoja, na tofauti yake hubadilika kutoka nchi hadi nchi na mwaka hadi mwaka. Hilo lina majedwali yake, na gari au simu inaweza kuwekewa hesabu ya eneo ilipo.

La pili linatoka kwa chombo kilichobeba dira, na hili ndilo gumu. Fikiria gari linazunguka polepole katikati ya uwanja mpana hadi linatimiza mzunguko mmoja. Kifaa cha dira kinapima nguvu ya sumaku ya dunia kwa pande mbili: mbele na nyuma, kushoto na kulia. Ukichora vipimo hivyo kwenye karatasi, nukta zinatengeneza duara ambalo kitovu chake kiko katikati ya karatasi. Ndivyo ingekuwa kama gari lingekuwa la mbao.

Lakini baadhi ya chuma cha gari kimekwisha kuwa sumaku chenyewe, kwa kugongwa, kuchomelewa na kukaa muda mrefu kikielekea upande mmoja. Sumaku hiyo inasafiri na gari, kwa hiyo inaongeza kiasi kilekile kwenye kila kipimo. Duara linabaki duara, ila limesogea pembeni, kama sinia lililosukumwa kutoka katikati ya mkeka. Chuma kingine si sumaku, lakini huivuta sumaku ya dunia na kuipindisha, kwa kiasi kinachotegemea gari limeelekea wapi. Hicho hulifanya duara kuwa na umbo la yai.

Ukishaelewa hayo, dawa inajitokeza. Zungusha gari, chukua kipimo kikubwa kabisa na kidogo kabisa kwa kila upande, tafuta katikati yake, kisha toa kiasi hicho kwenye kila kipimo kitakachofuata. Sinia limerudi katikati. Simu inapokuomba uizungushe hewani kama unaandika tarakimu 8, inakusanya nukta kwa kazi hiyohiyo. Na magari mengi yenye dira yana maelekezo kwenye kitabu chake: nenda mahali pa wazi, endesha polepole kwa mduara mpaka alama fulani izime.

Mtu anaweza kuuliza, kwani satelaiti hazitoshi? Zinatosha ukiwa unatembea, kwa sababu kifaa kinalinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama njia panda, satelaiti zinajua ulipo lakini hazijui umeelekea wapi. Dira inajua.

Tatizo ni kwamba gari halibaki vilevile. Leo umefunga keria ya chuma juu, kesho umebadilisha spika, keshokutwa umepakia mabati kutoka Mbeya. Ndiyo maana, tangu miaka ya 1980, makampuni yamekuwa yakiomba hataza za njia za kusahihisha dira polepole, lenyewe, dereva akiwa safarini bila hata kujua.

Mvutano wenyewe huwa hivi

Tuchukue mfano wa kubuni ili sura ya ugomvi ionekane. Mwombaji anasema: uvumbuzi wangu ni dira ya gari inayokusanya vipimo kila gari linapokata kona, na kila baada ya muda inakisogeza kidogo kitovu cha duara, isikiruke ghafla kwa sababu tu gari limepita juu ya daraja la chuma.

Mkaguzi anatafuta nyaraka za zamani. Anapata ya kwanza: dira inayosahihishwa kwa kuzungusha gari mara moja. Anapata ya pili, labda ya kifaa kingine kabisa, inayoonyesha namna ya kurekebisha kipimo kidogo kidogo kwa kuchukua wastani. Hakuna waraka hata mmoja wenye vitu vyote viwili, kwa hiyo wazo ni jipya. Lakini mkaguzi anasema fundi mwenye waraka wa kwanza, akisumbuliwa na kazi ya kuzungusha gari kila mara, angechukua waraka wa pili na kuviunganisha. Ombi linakataliwa.

Katika rufaa, mwombaji ana hoja yenye uzito. Anasema: mheshimiwa, wewe umeona jibu langu kwanza, ndipo ukarudi nyuma kutafuta vipande vyake. Ukishaonyeshwa njia, kila mtu anaijua. Kabla yangu nani alipita?

Hoja zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Ofisi ya Hataza ya Ulaya imejiwekea utaratibu wa kujilinda na kosa hilo la kutazama nyuma. Kwanza inachagua waraka mmoja wa zamani ulio karibu zaidi na uvumbuzi. Pili inauliza ni tatizo gani hasa la kiufundi ambalo tofauti iliyopo inalitatua. Tatu inauliza kama fundi, akiwa na tatizo hilo mkononi, angefanya hivyo. Bodi zake za rufaa hutilia mkazo neno hilo "angefanya". Haitoshi kusema fundi aliweza kufanya. Mtu aliyeko Matema anaweza kwenda Itungi kwa kuzunguka milima yote. Swali ni kama angekuwa na sababu ya kupita huko.

Huyo fundi wa kwenye sheria ni mtu wa kufikirika. Si profesa, wala si kijana aliyeanza kazi jana. Ni fundi wa kawaida wa fani ile, anayejua yote yaliyokwisha kuandikwa kuhusu kazi yake, na anapimwa kwa siku ile ombi lilipopelekwa, si kwa siku ya kesi.

Mfano wa dira iliyovuka mtihani

Kuna kisa cha kale cha dira kinachosaidia. Meli za chuma zilipoanza kuchukua nafasi ya meli za mbao huko Uingereza, dira zilianza kupotosha mabaharia. Mwaka 1838 mtaalamu wa nyota George Airy alifanya majaribio kwenye meli ya chuma iliyoitwa Rainbow, akaonyesha kwamba kosa linaweza kufutwa kwa kuweka sumaku na vipande vya chuma mahali maalumu karibu na dira. Kanuni ikawa imejulikana kwa kila mtu wa kazi hiyo.

Lakini ilikuwa na kikwazo. Dira za wakati huo zilikuwa na sindano ndefu na nzito, na ili kusahihisha sindano ya namna hiyo ipasavyo ungehitaji vipande vikubwa mno vya chuma. Ndipo William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipoleta dira yake na kuipatia hataza mwaka 1876. Alitumia sindano fupi na nyepesi kwenye kadi nyepesi. Kwa sindano fupi, matufe mawili ya chuma ya ukubwa wa wastani, moja kila upande wa dira, yakatosha. Ukiona picha ya dira ya meli ya zamani yenye matufe mawili pembeni kama masikio, ndiyo hiyo. Jeshi la majini la Uingereza liliichukua rasmi mwaka 1889.

Kwa maoni yetu huu ni mfano mzuri wa wazo lisilokuwa wazi. Kanuni ya Airy ilikuwepo kwa karibu miaka 40. Waliokuwa wakihangaika na kosa walitazama vipande vya chuma, naye akaenda kubadilisha sindano.

Jembe, betri na pedali

Marekani ndiko swali hili limefika mbali zaidi mahakamani, na kesi kubwa mojawapo ilikuwa ya jembe. Huko kuna mashamba yenye mawe. Mtu aliyeitwa William Graham alikuwa na hataza ya jembe la trekta ambalo mguu wake, ukigonga jiwe, unajikunja na kurudi mahali pake bila kuvunjika. Kisha akapata hataza ya pili kwa kuboresha jembe lilelile: alibadilisha mpangilio wa mguu na bamba linaloushika, wa juu ukawa wa chini, ili chuma kijikunje vizuri zaidi. Kampuni ya John Deere ikashtakiwa kwa kuiga.

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1966 kwamba hataza hiyo ya pili haina nguvu. Fundi wa majembe akitaka chuma kijikunje zaidi, mahakama ilisema, angeona mwenyewe kwamba kugeuza mpangilio ni njia ya kufanya hivyo. Katika hukumu hiyo majaji waliweka maswali yanayotumika hadi leo: nini kilijulikana kabla, tofauti ni ipi, na fundi wa kawaida wa fani ile ana ujuzi kiasi gani. Wakaongeza kwamba inasaidia pia kutazama yaliyotokea nje ya mahakama. Je, watu walilihitaji jambo hili kwa muda mrefu? Wengine walijaribu wakashindwa? Lilipotoka, lilinunuliwa?

Siku hiyohiyo waliamua kesi nyingine, na huyu alishinda. Bwana Adams alikuwa ametengeneza betri inayokaa kavu stoo na kuanza kufanya kazi ukiitia maji tu. Vitu alivyotumia vilijulikana kimoja kimoja. Lakini wataalamu wa serikali walipoonyeshwa mara ya kwanza hawakuamini kwamba ingefanya kazi. Kama wataalamu wenyewe hawakuamini, mahakama iliona, basi haliwezi kuitwa jambo lililokuwa wazi. Hoja hiyo tunaipenda, kwa sababu inapima uwazi kwa macho ya watu waliokuwepo wakati huo, kabla jibu halijazoeleka.

Kisha ikaja kesi ya pedali, ambayo iko karibu kabisa na dira yetu kwa kuwa ni ya magari na ya kuunganisha vifaa viwili vinavyojulikana. Kampuni ya Teleflex ilikuwa na hataza ya pedali ya mafuta inayoweza kusogezwa mbele au nyuma kumfuata dereva mfupi au mrefu, ikiwa na kipima cha kielektroniki kilichofungwa mahali pasipotembea, ili nyaya zake zisisuguliwe na kukatika. Pedali inayosogea ilikuwepo, kwenye hataza ya zamani ya mtu aliyeitwa Asano. Vipima vya kielektroniki navyo vilikuwepo, na tatizo la nyaya kusuguliwa lilishaandikwa. Mkaguzi aliyeitoa hataza ya Teleflex hakuwa na waraka wa Asano mbele yake.

Teleflex ilimshtaki mshindani wake, kampuni ya KSR ya Canada. Mahakama ya kwanza, huko Michigan, ikasema wazo lilikuwa wazi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya hataza ikalitengua hilo: ilitaka uonyeshwe mahali maalumu, kwenye waraka au kwenye tatizo lenyewe, panapomwelekeza fundi aunganishe vitu hivyo viwili. Tarehe 30 Aprili 2007 Mahakama Kuu ikaigeuza tena, majaji wote kwa sauti moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Walisema kipimo cha mahakama ya rufaa ni kigumu mno. Fundi wa kawaida ana akili yake. Si mashine inayosubiri kuandikiwa kila hatua. Kukiwa na tatizo linalojulikana, njia za kulitatua ni chache, na kila kipande kinafanya kazi ileile iliyokuwa ikifanya siku zote, basi kuviunganisha hakutoshi kupata hataza.

Tangu hapo mtu anayetaka hataza kwa kuunganisha vifaa vya zamani kwenye gari, dira ikiwemo, ana kazi kubwa zaidi ya kuwashawishi wakaguzi wa Marekani. Lazima aonyeshe kwamba muunganiko ulizaa kitu ambacho vipande havikuahidi.

Nairobi nako

Usidhani haya ni ya mbali. Kenya ilikuwa na kesi iliyozungumzwa sana ya pipa la taka linalofunguliwa kwa mguu. Kampuni ya Sanitam ilipata hataza ya pipa hilo mwaka 1999 kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi za kanda yetu lenye makao Harare. Ikaishtaki kampuni ya Rentokil na mwenzake kwa kuiga. Mahakama Kuu iliikatalia. Sanitam ikapanda Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2006 ikasikilizwa: hataza yake iliheshimiwa.

Pipa la kukanyaga! Wapo waliocheka. Lakini ukubwa wa kitu si kipimo cha hataza, na hilo mafundi wetu walisikie vizuri.

Hapa kwetu

Sheria ya hataza ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1987, na msimamizi wake ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. (Zanzibar ina sheria na ofisi yake; hataza ya BRELA haivuki bahari.) Inataka mambo matatu. Uvumbuzi uwe mpya. Uweze kutumika katika kazi, kilimo kikiwemo. Na uwe na hatua ya kiuvumbuzi, maana yake usiwe wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa fani ile siku ombi linapopelekwa. Hesabu tupu haipewi hataza. Kanuni ya kutafuta kitovu cha duara ni hesabu. Kifaa kinachoitumia kurekebisha dira ndicho kinachoweza kuombewa. Asiyeridhika na uamuzi wa Msajili anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Sasa tuje kwenye kakao. Tuseme fundi wa Ngonga ametengeneza kichanja cha kuanikia kakao chenye paa la nailoni linalojifunga lenyewe mvua inapoanza, na kila mtu wa Kyela anajua mvua zetu hazibishi hodi. Kichanja kinajulikana. Nailoni inajulikana. Mota inayoendeshwa na sola inajulikana, na kifaa cha kuhisi mvua kinauzwa. Akienda na maelezo kwamba "nimeunganisha hivi vinne", atakutana na hoja ya pedali. Lakini kama aligundua kwamba paa likifungwa ghafla kakao inaloa kwa jasho na kuota ukungu, akabuni namna ya kuacha hewa ipite kwa kiasi fulani huku maji yakizuiwa, na watu wengine walishajaribu wakaharibu kakao, basi ana hadithi tofauti ya kusimulia. Tatizo alilolitatua, waliolishindwa, na matokeo yasiyotarajiwa: hayo ndiyo ya kuandikwa kwenye maelezo ya ombi, pamoja na vipimo.

Akishindwa mtihani huo bado kuna mlango. Sheria yetu inatoa pia cheti cha daraja la chini, ambacho sisi tunakiita hataza ndogo. Chenyewe kinataka wazo liwe jipya na litumike kazini, bila kudai hatua ya kiuvumbuzi. Muda wake ni mfupi, miaka 7. Ombi la hataza linaweza kubadilishwa kuwa ombi la cheti hicho. Kwa maboresho mengi ya mashine za kukoboa mpunga, majiko na mitumbwi tunayoyaona huku, tunadhani huo ndio mlango unaofaa, na tunashangaa hautajwi zaidi kwenye semina.

Kuna kosa moja linaloua maombi mengi kabla hata ya kufika kwenye swali la uwazi: kuonyesha kitu hadharani kwanza. Fundi anakipeleka Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale Mbeya, kinapigwa picha, kinawekwa mtandaoni, kisha anaanza kuuliza habari za hataza. Kwa wakati huo wazo si jipya tena, na aliyelifichua ni yeye mwenyewe. Ombi litangulie, maonyesho yafuate. Ndivyo hata kwetu redioni: ukitupigia kutaka kuhojiwa kuhusu kifaa chako, tutakuuliza kwanza kama umeshapeleka ombi, na kama bado hatutakuomba ueleze kinavyofanya kazi ndani.

Swali hili la uwazi linamlinda pia asiye na hataza. Fikiria mtu anasajili wazo la kuchomelea tairi la baiskeli kwenye toroli, kisha anawazuia mafundi wote wa wilaya. Kuwepo kwa kigingi hiki ndiko kunakomwezesha fundi aliyeshtakiwa kusimama na kusema kwamba jambo hili lilikuwa la kila karakana.

Na hataza ina mipaka ya nchi. Hataza ya dira iliyotolewa Marekani au Ulaya, kama mwenyewe hakuiomba kwa BRELA wala kuitaja Tanzania kupitia ARIPO, haimzuii mtu kutengeneza na kuuza kifaa hicho hapa nchini. Vilevile zilizomaliza muda wake, na zile ambazo mwenyewe aliacha kulipia ada ya kila mwaka. Maelezo yake yote yamechapishwa, na michoro ikiwemo, kwa sababu hilo ndilo sharti la kupewa hataza: uueleze ulimwengu namna ya kukifanya. Kwa simu yako unaweza kuyasoma bure kwenye Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya au kwenye Google Patents. Kiingereza ndicho kikwazo, na mwalimu wa sekondari ya karibu anaweza kusaidia. Andika kwa Kiingereza maneno ya dira ya gari na usahihishaji, utaona michoro ya maduara yaliyosogea pembeni, moja baada ya jingine, kila mtu na namna yake ya kulirudisha sinia katikati ya mkeka.